Kwa nini mtafiti wa ubongo hana budi kuwa mwalimu

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita karibu na vyuo vikuu vitatu vinavyofunza madaktari. Cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Kenyatta kilichoko Kahawa, kabla ya kufika Ruiru. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho wengi hukiita JKUAT, kilichoko Juja kati ya Ruiru na Thika. Cha tatu ni Chuo Kikuu cha Mount Kenya, mjini Thika kwenyewe.

Kila mwaka vijana waliofanya vyema katika mitihani ya shule za upili huingia katika vyuo hivyo wakiwa na ndoto ya kuvaa koti jeupe la daktari. Miongoni mwa masomo ya kwanza yanayowapokea, na ambalo wengi huliogopa, ni anatomia. Huko ndiko mwanafunzi anakosimama kwa mara ya kwanza mbele ya maiti iliyohifadhiwa kwa dawa, akashika kisu cha upasuaji na kuanza kujifunza mwili wa binadamu kutoka ngozi hadi mfupa.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, mwalimu anayesimama kando ya meza hiyo alifunzwa vipi? Si kila daktari anayeweza kuifanya kazi hiyo, wala si kila msomi wa biolojia. Mwalimu huyo huandaliwa kwa safari ndefu ya shahada ya uzamifu, ambayo humtaka afanye mambo mawili kwa wakati mmoja: kuchunguza jambo ambalo bado halijajulikana, na kufundisha yale yanayojulikana tayari.

Wapo wanaodhani kuwa kazi hizo mbili hushindana, na kwamba saa inayotumiwa darasani ni saa iliyoibwa kutoka maabara. Ni kweli kwamba muda hautoshi. Hata hivyo, historia ya elimu ya ubongo, ikiwemo historia yenye doa iliyoandikwa hapa hapa Kenya, inaonyesha kuwa mafunzo yanayotenganisha kazi hizo huzaa mtaalamu nusu.

Elimu ya mwili na elimu ya neva

Anatomia ni elimu ya muundo wa mwili. Tawi moja hushughulikia yale yanayoonekana kwa macho matupu, kama vile mifupa, misuli na mishipa ya damu. Jingine ni histolojia, ambayo huchunguza tishu kwa hadubini. La tatu ni embriolojia, inayofuatilia jinsi kiumbe kinavyojengeka tumboni mwa mama. La nne ni anatomia ya neva, yaani muundo wa ubongo, ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, na neva zinazosambaa mwilini kote.

Tawi hilo la nne ndilo mlango wa kuingilia sayansi ya neva. Anatomia huuliza kiungo kiko wapi na kimejengwaje, nayo sayansi ya neva huuliza kinafanya nini na kwa nini huharibika. Mtu akipata kiharusi kwa sababu mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, mkono na mguu unaopooza kwa kawaida ni wa kulia. Sababu ni kwamba njia nyingi za neva zinazoamrisha misuli huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine katika sehemu ya chini ya shina la ubongo. Daktari asiyeijua njia hiyo hawezi kukisia mahali palipoumia kabla ya picha kupigwa.

Hii ndiyo sababu wanafunzi wengi wa uzamifu katika idara za anatomia huchagua ubongo kuwa uwanja wao wa utafiti. Ubongo ni kiungo ambacho umbo na kazi yake haviachani hata kidogo.

Safari moja, mizigo miwili

Nchini Kenya, anayetaka kusomea uzamifu katika anatomia kwa kawaida huwa amekwisha kupata shahada ya uzamili. Hupangiwa wasimamizi, aghalabu wawili au zaidi, kisha huandika pendekezo la utafiti linaloeleza swali lake, njia atakazotumia na faida itakayopatikana. Pendekezo hilo hupitia kwa wasomi wa idara, halafu hupelekwa mbele ya kamati ya maadili. Kamati hiyo ndiyo inayoamua ikiwa wagonjwa, maiti au wanyama watakaotumiwa watatendewa ipasavyo.

Aidha, mtafiti huhitaji kibali kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo iliundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Baada ya hapo ndipo kazi ya maabara inapoanza, ikifuatwa na uchanganuzi wa takwimu, semina, makala za majarida ya kitaaluma, tasnifu yenyewe na hatimaye utetezi mbele ya jopo la watahini, ambao baadhi yao hutoka nje ya chuo. Miaka mitatu ndiyo muda wa chini unaotajwa vitabuni, lakini wengi huchukua zaidi.

Wakati huo huo, wengi wa wanafunzi hao ni waajiriwa. Vyuo vikuu vya Kenya vina cheo maalumu cha chini cha uhadhiri kwa watu wenye uzamili wanaoendelea na uzamifu. Anayekishika huingia darasani kama mwalimu mwingine yeyote. Asubuhi anaweza kuwa katika chumba cha kupasulia maiti akiongoza makundi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, alasiri akasahihisha mitihani ya vitendo, na jioni akarejea maabara kukagua wanyama wake au vipande vya tishu.

Mwongozo uliotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 uliifanya shahada ya uzamifu kuwa kigezo kikuu cha kuajiriwa na kupandishwa cheo kwa wahadhiri. Tangu hapo, kwa mwalimu wa anatomia asiye na shahada hiyo, uzamifu umekuwa sharti la kudumu katika kazi.

Panya, mimba na dawa za kifafa

Ili msomaji aone kazi yenyewe ilivyo, mfano mmoja wafaa. Tasnifu kadhaa zilizowasilishwa katika JKUAT miaka ya hivi karibuni zimechunguza namna dawa za kifafa zinavyoathiri ubongo wa kijusi, yaani mtoto aliye tumboni, kwa kutumia panya weupe wa maabara.

Swali hilo si la anasa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mama mwenye kifafa hawezi kuacha dawa ovyo, kwa kuwa degedege lenyewe laweza kumuua yeye na mtoto. Lakini baadhi ya dawa hizo huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Mojawapo ya zile zinazojulikana kwa madhara ni valproeti. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi waliofikiwa na dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, na theluthi moja au zaidi huweza kuwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hiyo. Anayeitumia tayari hushauriwa amwone daktari ili abadilishiwe, asiiache mwenyewe.

Je, dawa nyingine zina hatari kiasi gani, na ni katika kipindi kipi cha mimba? Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamifu anapoingia. Mimba ya panya huchukua takriban siku 22, hivyo mtafiti anaweza kuigawa katika theluthi tatu na kutoa dawa katika kila kipindi kwa kundi tofauti, kwa viwango vya chini, vya kati na vya juu. Kundi jingine halipewi dawa, ili liwe kipimo cha kulinganishia. Kabla ya siku ya kuzaa, wanyama huuawa kwa njia isiyo na maumivu na vijusi hutolewa, hupimwa na kuchunguzwa.

Ubongo wa kila kijusi huhifadhiwa katika dawa, huzamishwa katika nta ya parafini na kukatwa kwa mashine vipande vyenye unene wa takriban sehemu tano kati ya elfu moja za milimita, vyembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi. Vipande hupakwa rangi mbili. Moja huvifanya viini vya seli vionekane vya zambarau, na nyingine huipa waridi sehemu inayovizunguka. Ndipo hadubini inapotumika.

Matokeo ya panya hayawezi kuhamishiwa kwa binadamu moja kwa moja. Hata hivyo, huonyesha mahali pa kuangaliwa kwa makini. Katika mimba ya binadamu, mfereji unaokuja kuwa ubongo na ugwe wa uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 baada ya kutunga mimba, wakati ambapo akina mama wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana ushauri kuhusu dawa na tembe za asidi ya foliki hufaa kutolewa kabla ya mimba kuliko baadaye.

Nanasi la Thika na hesabu ya seli

Sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kuhesabu. Mtafiti akisema kuwa sehemu fulani ya ubongo imepungua, sharti aonyeshe imepungua kwa kiasi gani.

Njia moja ya kupima ujazo ina asili yake katika kazi ya mwanahisabati wa Italia wa karne ya 17, Bonaventura Cavalieri. Mkazi wa Thika anaweza kuielewa kwa kutumia nanasi. Likikatwa vipande vyenye unene sawa, kisha eneo la uso wa kila kipande likapimwa, maeneo hayo yote yakajumlishwa na jumla ikazidishwa kwa unene wa kipande kimoja, jibu ni ujazo wa nanasi zima. Ubongo wa kijusi cha panya hupimwa kwa kanuni iyo hiyo.

Kuhesabu seli kuna mtego zaidi. Keki yenye zabibu kavu ikikatwa vipande vyembamba, zabibu kubwa itaonekana katika vipande vingi kuliko ndogo. Anayehesabu kila zabibu aionayo atadhani kubwa ni nyingi kuliko zilivyo. Kwa miaka mingi wachunguzi wa ubongo waliangukia mtego huu. Mwaka 1984 ilichapishwa njia ya kuuepuka: kulinganisha vipande viwili vinavyofuatana na kuhesabu tu zile chembe zinazoonekana katika kimoja na kukosekana katika cha pili. Kwa njia hiyo kila seli huhesabiwa mara moja tu, iwe kubwa au ndogo.

Mwanafunzi wa uzamifu hutumia miezi mingi kujifunza ustadi huu. Huenda mtu akauliza, kwa nini taabu yote hiyo? Jibu liko katika ukurasa mmoja wa historia ya Nairobi.

Doa la mwaka 1934

Katika miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, daktari F. W. Vint wa maabara ya utafiti wa matibabu jijini Nairobi alikusanya bongo za Waafrika waliofariki, akazipima uzani na kuzichunguza kwa hadubini. Mwaka 1934 alichapisha makala kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya katika jarida la anatomia la Uingereza. Alidai kuwa bongo hizo zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu kwa takriban asilimia kumi, na kwamba seli katika gamba la ubongo hazikuwa zimekua sawasawa.

Mwenzake, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alizitumia takwimu hizo kudai kwamba Mwafrika alizaliwa na akili pungufu, na kwamba elimu ya kizungu ingemdhuru. Alifika hadi London kutafuta fedha za kuendeleza utafiti huo, lakini serikali ya Uingereza haikukubali kuugharamia.

Kasoro zilikuwa nyingi. Vipimo vya Nairobi vililinganishwa na takwimu zilizokusanywa Ulaya na watu wengine. Uzani wa ubongo hutegemea pia kimo cha mtu, umri, lishe, ugonjwa uliomuua na namna ubongo ulivyohifadhiwa. Tena, uzani hauelezi uwezo wa akili wa mtu. Na kuhesabu seli katika vipande bila tahadhari ni ule ule mtego wa zabibu katika keki.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba wakati huo hapakuwa na mwanaanatomia Mwafrika hata mmoja nchini ambaye angeweza kuziomba bongo zile, akazipima upya na kuandika jibu katika jarida lilo hilo. Waliopimwa hawakuwa na mpimaji wao. Shule ya kwanza ya udaktari nchini ilianzishwa mwaka 1967, katika kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Ya pili, ya Chuo Kikuu cha Moi, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990. Leo nchi ina zaidi ya shule kumi za aina hiyo, tatu kati yake zikiwa kandokando ya barabara ya Thika.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Juja anayehesabu seli za hipokampasi ya panya kwa njia isiyopendelea upande wowote anajifunza jambo kubwa kuliko panya. Anajifunza kutolitamka neno lolote kuhusu ubongo ambalo hesabu yake haiwezi kulibeba.

Darasa linavyomnoa mtafiti

Ikiwa utafiti humfunza mtu tahadhari, kufundisha humfunza nini? Kwanza, humlazimisha kujua mwili mzima. Mtafiti anaweza kuishi miaka mitano ndani ya eneo la ubongo lisilozidi punje ya mchele. Mwalimu hana nafasi hiyo. Wiki hii ni neva za uso, wiki ijayo ni moyo, na mwezi ujao ni nyonga. Mwanafunzi wa miaka 19 akimwuliza kwa nini hali iko hivi na si vile, hawezi kujibu kwamba hilo si eneo lake.

Pili, meza ya kupasulia maiti ni chemchemi ya maswali. Vitabu huonyesha mwili mmoja wa wastani, ilhali miili halisi hutofautiana. Chini ya ubongo kuna mzingo wa mishipa ya damu unaoitwa mzingo wa Willis, kwa jina la daktari Mwingereza Thomas Willis aliyeueleza mwaka 1664. Kwa watu wengi mzingo huo haufanani kabisa na mchoro wa kitabuni: mshipa mmoja ni mwembamba mno, au haupo. Mwanafunzi anayelalamika kuwa maiti yake "haina" mshipa fulani huenda ameona jambo la kuandikiwa makala. Wanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Julius Ogeng'o, wamechapisha makala nyingi kuhusu tofauti za mishipa miongoni mwa Wakenya. Maarifa hayo humfaa daktari wa upasuaji kabla hajafungua fuvu. Tangu mwaka 2012, jarida la anatomia la Afrika lenye makao yake Nairobi limewapa wasomi wa eneo hili mahali pa kuchapisha kazi kama hizo.

Tatu, kueleza humfichulia mtu asichokijua. Kwa miongo mingi walimu walikariri kuwa ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 100. Mtafiti Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Rio de Janeiro walitaka kujua idadi hiyo imetoka wapi. Walibuni njia ya kuuyeyusha ubongo uwe mchuzi na kuhesabu viini vya seli vilivyoelea ndani yake. Mwaka 2009 walichapisha jibu: takriban bilioni 86. Marekebisho hayo hayakutoka katika maabara tajiri za Marekani au Ulaya.

Hata Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa sayansi ya neva, alikuwa profesa wa kufundisha katika vyuo vya Valencia, Barcelona na Madrid. Alikuwa mbali na vituo vikuu vya sayansi vya wakati wake, na aliandika kitabu cha histolojia kwa ajili ya wanafunzi. Michoro yake ya seli za neva ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1906, pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi.

Heshima kwa maiti

Lipo somo jingine ambalo mwalimu wa anatomia hulitoa bila kuliandika ubaoni, nalo ni namna ya kumtendea binadamu asiyeweza kujitetea. Sheria ya Kenya kuhusu anatomia huruhusu miili kutumiwa kwa mafunzo kwa masharti maalumu. Kama ilivyo katika nchi nyingi za Afrika, miili mingi hutokana na maiti ambazo hazikudaiwa na jamaa katika makafani. Wanaotoa miili yao kwa hiari kabla ya kufa ni wachache, kwa sababu za dini, mila na huzuni ya familia.

Hali hiyo humtwika mwalimu wajibu mzito. Aliyelala mezani huenda alikufa bila jamaa wa kumlilia. Mwanafunzi anayefanya mzaha, kupiga picha au kumpa maiti jina la kejeli sharti akemewe siku ya kwanza, kwani tabia ataendelea nayo hadi wodini. Mwanafunzi wa uzamifu hujifunza kukemea huko kwa kuwaona wakubwa wake, na baadaye hukurithisha.

Kuna pia suala la afya yake mwenyewe. Fomalini inayohifadhi maiti huwasha macho na koo, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kemikali iliyomo ndani yake katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Madirisha makubwa na mashine za kuondoa hewa chafu si mapambo katika chumba cha kupasulia.

Muda, fedha na vifaa

Pamoja na sifa zake zote, mpango huu wa kazi mbili una nyufa. Ufa wa kwanza ni muda. Idadi ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi na kozi nyingine za afya imeongezeka, na wote huhitaji anatomia. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Panapokosekana mwalimu, mzigo humwangukia aliye chini kabisa, ambaye mara nyingi ndiye mwanafunzi wa uzamifu. Panya hawajui ratiba ya mitihani. Siku ya kuwapa dawa ikipita, jaribio zima limeharibika.

Ufa wa pili ni fedha. Karo, chakula cha wanyama, kemikali, ukataji wa tishu na ada za kuchapisha makala hulipwa aghalabu na mwanafunzi mwenyewe kutoka katika mshahara wake. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa chini ya sheria ile ile ya 2013, haiwezi kumfikia kila mwombaji. Migomo ya wahadhiri, kama ile ya mwaka 2017 na 2024, nayo hurudisha nyuma kalenda ya wote wawili, anayefundisha na anayefundishwa.

Ufa wa tatu ni kwamba wengi hutupwa darasani bila kufunzwa kufundisha. Mtu hudhaniwa kuwa, kwa kuwa anajua neva 12 za kichwa, basi anaweza kuzieleza. Sivyo. Kutunga mtihani wa haki, kumsaidia mwanafunzi anayezimia mbele ya maiti, na kuchora ubongo ubaoni hatua kwa hatua ni ujuzi unaofunzwa kama ujuzi wowote mwingine.

Yapo yanayoweza kufanywa bila kungoja mabilioni. Idara inaweza kupanga kwamba mwanafunzi wa uzamifu afundishe muhula mmoja kwa uzito na mwingine kwa wepesi, ili jaribio lake lipate nafasi. Kufundisha kwake kunaweza kukaguliwa na kusifiwa au kusahihishwa kama inavyofanyiwa tasnifu. Vyuo vitatu vya barabara moja vinaweza pia kukubaliana juu ya matumizi ya vifaa ghali na semina za pamoja. Kutoka Ruiru hadi Thika ni takriban kilomita 20, mwendo mfupi wa matatu. Hospitali za eneo hilo, ile ya Thika Level 5 na ile ya rufaa na utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoanza kuhudumia wagonjwa mwaka 2019, zina wagonjwa wa kiharusi, wa kifafa na wa majeraha ya kichwa ambao maswali yao yanangoja watafiti.

Mwananchi anayefikishwa katika mojawapo ya hospitali hizo usiku, baada ya ajali ya bodaboda, hamjui mwanaanatomia yeyote. Atakayemhudumia ni daktari kijana, ambaye ataangalia mboni za macho yake, atapima nguvu za mikono na miguu, na kuamua kwa dakika chache ubongo umeumia upande gani. Anayoyajua kuhusu njia za neva aliyapata katika chumba cha kupasulia, kwa mwalimu aliyekuwa akiandika tasnifu usiku na kufundisha mchana. Ikiwa mwalimu huyo alichoka mno asielezee vyema, au alikariri yale ambayo hajawahi kuyapima, atakayelipa gharama ni mgonjwa.